UZI: Saikolojia ya majaribio haikuanza na Wundt mwaka 1879, ilianzia kwenye saa ya wapiga darubini

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nafundisha saikolojia ya elimu kwenye chuo cha ualimu. Kila msimu wa mitihani nakutana na jibu lile lile: "Baba wa saikolojia ni Wilhelm Wundt, alifungua maabara ya kwanza Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879." Mwanachuo anaandika sentensi hiyo, anapata alama zake, anafunga ukurasa. Muulize ile maabara ilikuwa inapima nini, kwa chombo gani, na Wundt alipata wapi ujasiri wa kudhani akili ya mtu inapimika, hana la kusema. Simlaumu, ndivyo vitini vyetu vilivyoandikwa.

Mimi nasema 1879 ni mwaka wa kufungua ofisi tu. Kazi yenyewe ilikuwa imeshaiva, na wengi walioifanya hawakuwa na mpango wowote na saikolojia. Walikuwa wapiga darubini, madaktari wa mishipa ya fahamu na mafundi wa saa. Walipogundua kwamba kuhisi na kuamua kunachukua muda, na kwamba muda huo unapimika, ndipo elimu ya nafsi ilipopata njia ya kuingia kwenye sayansi. Nitaleta kwa vipande. Maswali karibuni.

Tuanze na aliyesema haiwezekani. Mwaka 1786 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa mji wa Königsberg (leo unaitwa Kaliningrad, uko Urusi), aliandika kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili. Hoja zake hazikuwa nyepesi. Sayansi ya kweli inataka hesabu, na yanayopita moyoni huyawekei hesabu. Tena ukijaribu kuyachungulia mawazo yako, kule kuchungulia kwenyewe kunayabadilisha. Ushikeni huo mji wa Königsberg, tutapita hapo tena.

Sasa twende Greenwich, Uingereza, kwenye kituo cha kuangalia nyota kilichokuwa chini ya Nevil Maskelyne. Kazi ya pale ilikuwa kuandika saa kamili ambayo nyota fulani inavuka mstari wa kati wa darubini. Ilifanyika hivi: ndani ya darubini kuna nyuzi nyembamba zilizosimama wima. Kabla nyota haijafika, unatupia jicho saa ya ukutani na kushika sekunde. Kisha jicho linarudi kwenye darubini, sikio linabaki kwenye mpigo wa saa. Nyota inateleza. Mpigo mmoja umelia nyota ikiwa bado upande huu wa uzi, mpigo unaofuata imeshavuka. Hapo unakadiria kwa kichwa: ilivuka kwenye sehemu ya ngapi kati ya kumi za ile sekunde? Unaandika, unasubiri uzi unaofuata.

Maskelyne alikuwa na msaidizi, David Kinnebrook. Mwaka 1795 bosi akaona namba za kijana zimechelewa kwa nusu sekunde kuliko zake. Akamwonya ajirekebishe. Kufikia Januari 1796 tofauti ilikuwa imepanda hadi sehemu nane za kumi za sekunde. Kijana akafukuzwa kazi.

Mtu anaweza kusema sehemu nane za sekunde ni kitu gani. Kwenye ikweta dunia inazunguka mita zaidi ya 460 kila sekunde, kwa hiyo kosa hilo ni kama mita 370 za ardhi. Kwa taifa lililotegemea nyota na saa kuongoza meli zake, hilo halikuwa jambo dogo.

Nikisoma habari ya Kinnebrook huwa naumia. Alifukuzwa kwa sababu ya jinsi kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi, na wakati ule hakuna aliyejua.

#2 Chaki Nyeupe

Naendelea. Taarifa ya kufukuzwa kwake ilibaki kwenye vitabu vya kumbukumbu vya Greenwich. Miaka kama ishirini baadaye ikamfikia Friedrich Bessel, mkuu wa kituo cha nyota cha Königsberg. Mji ule ule wa Kant.

Bessel akajiuliza swali ambalo Maskelyne hakujiuliza: na kama msaidizi hakuwa mzembe? Akaanza kujilinganisha na wenzake, watu waliobobea kama yeye, kwa nyota zile zile. Akakuta tofauti. Na kwa baadhi yao ilizidi sekunde nzima, kubwa kuliko ya Kinnebrook! Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mtu ana mwendo wake wa kuunganisha anachokiona na anachokisikia, na mwendo huo unaweza kubadilika. Tangu hapo wapiga darubini wakawa wanaweka kwenye hesabu zao marekebisho ya kila mtazamaji, kama vile wanavyorekebisha saa iliyochelewa.

Angalieni kilichotokea. Watu waliotaka kujua habari za nyota wakajikuta wanampima mtu anayeziangalia. Hawakuita saikolojia. Walikuwa wanasafisha namba zao.

Kipande cha pili ni mshipa wa fahamu. Johannes Müller, mwalimu mkubwa wa elimu ya mwili pale Berlin, aliona kwamba pengine hatutapata kamwe njia ya kupima kasi ya ujumbe kwenye mshipa, unapita haraka mno. Aliyemjibu ni mwanafunzi wake, Hermann Helmholtz, kijana wa miaka 28, na alifanyia kazi hiyo wapi? Königsberg.

Alichukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado na mshipa wake. Akapitisha umeme kidogo kwenye mshipa, karibu na msuli, akapima muda hadi msuli unaporuka. Kisha akasogeza umeme mbali zaidi, sentimita chache tu, akapima tena. Muda uliongezeka. Msuli ni ule ule na umeme ni ule ule, kwa hiyo nyongeza ile haina maelezo mengine, ni safari ya ujumbe kwenye kile kipande cha mshipa. Gawanya umbali kwa muda, unapata kasi. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1850 yalikuwa kama mita 27 kwa sekunde, chini ya kilomita 100 kwa saa. Basi la mkoani likiwa kasi linaweza kuikaribia.

Namba hiyo ilivunja imani kubwa. Watu walidhani nikitaka kuinua mkono, kutaka na kuinua ni kitu kimoja. Kumbe kuna pengo kati yake, na pengo hilo linaingia kwenye rula ya fizikia.

#3 Fundi Saa

Mkuu heshima kwako, uzi umeniingia kwa sababu saa ndiyo kazi yangu tangu nikiwa kijana. Lakini nina swali la ufundi. Saa ya pendulum, ile yenye uzito unaobembea, inakupa sekunde, labda nusu yake. Hizo sehemu za elfu moja za sekunde walizipata wapi karne ya 19, hakuna kwatzi wala kompyuta? Na walijuaje kwamba saa yao haidanganyi?

#4 Chaki Nyeupe

Fundi, umegonga penyewe, na hili vitini vyetu havigusi kabisa.

Kwa ile kazi ya chura Helmholtz alitumia ujanja wa sumaku. Mkondo wa umeme ulianza kupita pale tu mshipa unapopigwa, na msuli wenyewe ukiruka ulikuwa unaukata. Mkondo huo ulipita kwenye koili yenye sindano ya sumaku. Kadiri mkondo ulivyodumu ndivyo sindano ilivyosukumwa mbali zaidi, kwa hiyo ukisoma sindano imeenda wapi unajua ulidumu muda gani.

Baadaye ikaja kronoskopu ya Matthäus Hipp, fundi saa mwenzako, Mjerumani aliyefanyia kazi Uswisi. Mashine yake inaendeshwa na jiwe linaloshuka taratibu, kama saa nyingi za zamani, ila badala ya pendulum kuna ulimi mwembamba wa chuma unaotetemeka mara 1000 kwa sekunde na kuachia jino moja la gurudumu kila mtetemo. Meno yanazunguka muda wote, lakini mishale ya kwenye uso wa saa imetulia. Swichi inayompa mtu ishara, tuseme mlio, inaamrisha sumaku ya umeme iikamatishe mishale kwenye magurudumu. Mtu akisikia anabonyeza au kuachia kitufe, sumaku inaiachia, mishale inasimama. Unasoma sehemu za elfu moja za sekunde kama unavyosoma saa ya mkononi.

Na kuhusu kudanganya: sumaku zinachelewa kushika na kuachia, nao walilijua hilo. Walikuwa na nyundo au mpira wa chuma unaoanguka kutoka kimo kinachojulikana. Muda wa kuanguka unaupata kwa hesabu ya fizikia, unaulinganisha na kronoskopu, unarekebisha umeme mpaka vikubaliane. Kazi hiyo ilirudiwa na kurudiwa, maana betri zikichoka namba zinapotoka.

#5 Mkunga wa Hoja

Uzi mzuri, ila naona tunarudi kule kule, kila kitu kimeanzia Ulaya. Ibn al-Haytham aliandika Kitab al-Manazir akiwa Cairo karne ya 11, na alifanya majaribio ya mwanga na jicho. Kwa nini yeye asiwe mwanzilishi?

#6 Chaki Nyeupe

Hoja yako ina uzito na nimefurahi umeileta.

Ibn al-Haytham alisema kuona hakuishii kwenye jicho. Akili inaamua, haraka mno kiasi kwamba mtu mwenyewe hajui kama ameamua. Wazo hilo hilo Helmholtz alilisema upya karne ya 19. Alieleza pia kwa nini mwezi ukiwa karibu na upeo unaonekana mkubwa, na akaliweka suala hilo kwenye akili ya mtazamaji. Kubwa zaidi kwangu ni hili: alisema kutambua rangi kunachukua muda, na ushahidi wake ulikuwa pia la kuchezea, lile la kuzungusha chini, lenye rangi mbalimbali. Likizunguka kasi, macho hayaoni rangi moja moja, yanaona mchanganyiko, kwa sababu kila rangi haikai mahali pake muda wa kutosha kutambuliwa.

Kwa hiyo kwenye wazo aliwatangulia Wazungu kwa karne nyingi, na mimi ningependa jina lake liwemo kwenye vitini. Alichokosa ni chombo. Alijua kuna muda, ila hakuwa na saa ya kumwambia ni muda kiasi gani. Ndiyo maana nasisitiza saa.

#7 Chaki Nyeupe

Tusogee Leipzig, miaka mingi kabla ya Wundt kufika.

Ernst Weber alikuwa daktari wa pale. Alichukua bikari, ile ya kuchorea duara, akagusa ngozi ya mtu kwa ncha zake mbili. Swali kwa anayeguswa: unahisi ncha moja au mbili? Kwenye ncha ya kidole mtu anatofautisha zikiwa zimeachana milimita 2 hivi. Mgongoni unaweza kuziachanisha sentimita kadhaa na bado akakuapia ni moja. Chukueni vijiti viwili vya meno mjaribu leo, huyo mwingine afumbe macho.

Weber alipima na uzito. Akakuta kwamba ili mtu ahisi tofauti kati ya mizigo miwili anayoinyanyua, nyongeza lazima ifikie kama sehemu moja ya 40. Kwenye kilo 4, gramu 100 zinatosha. Kwenye kilo 40, hizo gramu 100 hazihisiki, inatakiwa kilo nzima. Mwili haupimi nyongeza yenyewe, unapima uwiano.

Aliyeliona jambo kubwa ndani ya hilo ni Gustav Fechner. Huyu alikuwa profesa wa fizikia aliyeharibu macho kwa kuangalia jua kupitia vioo vya rangi katika uchunguzi wake. Akaacha kazi, akajifungia gizani, akaugua miaka karibu mitatu kiasi cha watu kukata tamaa naye. Akapona. Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850, akiwa kitandani, likamjia: kama hisia inapanda hatua sawasawa kila kichocheo kinapozidishwa kwa uwiano ule ule, basi uhusiano wa mwili na nafsi unaandikika kwa logariti. Mwaka 1860 akatoa kitabu chake cha saikofizikia, na ndani yake mna mbinu za kupima hisi ambazo kwa sura mbalimbali bado zinatumika kwenye vipimo vya masikio na macho.

Kant aliambiwa hivyo, ingawa hakuwepo kusikia: hesabu imepatikana.

#8 Ukindu

Sasa huyo Wundt kazi yake ilikuwa nini kama kila kitu kilishafanyika?

#9 Chaki Nyeupe

Nimpitishe kwanza Mholanzi mmoja. Franciscus Donders, daktari wa macho wa Utrecht, alitoa andiko mwaka 1868. Alifunga nyaya kwenye miguu yote miwili ya mtu. Akimshtua kidogo mguu wa kulia, ajibu kwa mkono wa kulia, kushoto kwa kushoto. Mara nyingine alimwambia kabla ni mguu gani utashtuliwa, mara nyingine hakumwambia. Asipoambiwa, muda uliongezeka kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde. Mshtuko ni ule ule, mkono ni ule ule, kilichoongezeka ni kutambua upande na kuchagua mkono. Donders akasema: huo ndio muda wa kitendo cha akili. Ni mantiki ile ile ya Helmholtz na chura wake, toa kifupi kwenye kirefu.

Alirudia kwa sauti. Mmoja anatamka silabi, mwingine anairudia papo hapo. Silabi zilikuwa ka, ke, ki, ko, ku. Nikiwafundisha wanachuo wangu hapa huwa wanatabasamu, wanadhani nimezibuni kwa ajili ya darasa la kwanza.

Wundt sasa. Alizaliwa mwaka 1832, akasomea udaktari, akawa msaidizi wa Helmholtz kule Heidelberg. Mapema miaka ya 1860 alikuwa tayari anajipima nyumbani kwa pendulum na kengele, akaona hawezi kushika mlio na mahali pa pendulum kwa wakati mmoja. Hilo ni tatizo la Kinnebrook limeletwa ndani ya chumba! Akatoa kitabu kikubwa kati ya 1873 na 1874 akitangaza waziwazi kwamba anafungua uwanja mpya wa sayansi. Mwaka 1875 akapata kiti cha uprofesa Leipzig, alikokuwa Weber na aliko Fechner bado.

Alichofanya mwaka 1879 ni kuyapa haya yote nyumba. Chumba kilikuwa kidogo na cha kawaida. Lakini humo wanafunzi wakaanza utafiti wao wenyewe. Max Friedrich alipima muda wa kutambua jambo kwa uangalifu, na kazi yake inahesabiwa kuwa tasnifu ya kwanza ya maabara ile. Walibadilishana zamu: leo wewe unasimamia kronoskopu, kesho unakaa kitini kupimwa. Mwaka 1881 Wundt akaanzisha jarida la kuchapisha kazi zao. Wakaja Wamarekani, Warusi, Waingereza, wakarudi makwao kufungua maabara zao. James McKeen Cattell, Mmarekani aliyekuwa msaidizi wake, alikuta neno fupi linatambulika haraka sawa na herufi moja. Walimu wa madarasa ya chini tulitafakari hilo. Mtoto anayesoma vizuri hakusanyi herufi moja moja, neno linamwingia zima.

Hayo ndiyo ya Wundt: chumba, jarida, wanafunzi, na desturi ya kufanya kazi pamoja. Bila hayo vipimo vingebaki vimetawanyika kwa madaktari na wapiga darubini.

#10 Mkunga wa Hoja

Nimekuelewa kuhusu Ibn al-Haytham. Lakini swali zito zaidi: kujua muda wa kubonyeza kitufe ndiyo kuijua nafsi ya mtu? Huzuni, imani, kumpenda mtu, hayo kronoskopu inayasemaje?

#11 Chaki Nyeupe

Haisemi chochote, na Wundt mwenyewe alikubali hivyo. Watu wanamsoma nusu. Alisema jaribio linafaa kwa mambo ya karibu na hisi: kuona, kusikia, uangalifu, muda. Lugha, hadithi za kale, dini na mila alisema haviingii maabara, kwa sababu havizaliwi na kichwa cha mtu mmoja, vinazaliwa na jamii, na njia yake ni kuilinganisha historia ya jamii mbalimbali. Miaka yake 20 ya mwisho aliimalizia huko, akaandika majuzuu 10. Alifariki mwaka 1920, mwaka lilipotoka la mwisho.

Mimi sikubaliani naye kwa yote. Aliufunga mlango mapema mno. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, ambaye hakuwa mwanafunzi wake, alionyesha kwamba hata kumbukumbu inapimika. Alijitumia mwenyewe, akakariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni muda kiasi gani anauokoa akizikariri upya. Baada ya saa moja alikuwa anaokoa chini ya nusu ya kazi ya kwanza. Baada ya siku moja, kama theluthi. Baada ya mwezi, karibu moja ya tano. Kumbukumbu inaporomoka haraka mwanzoni halafu inatulia. Mwalimu anayerudia somo kesho yake asubuhi ana sababu ya kisayansi.

Hata Donders alipata pigo. Oswald Külpe, aliyewahi kuwa msaidizi wa Wundt, na wenzake walionyesha kwamba ukiongeza kazi ya kuchagua, hubandiki hatua moja juu ya zile za mwanzo. Kazi nzima inabadilika, mtu anajiandaa tofauti tangu mwanzo, kwa hiyo kutoa kifupi kwenye kirefu hakukupi hatua safi. Hilo nalo liligunduliwa maabara, kwa majaribio. Kant angebaki kwenye kiti chake asingelijua.

#12 Binti Mtwapa

Habari za jioni walimu wangu. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, kronoskopu siwezi kuipata wala betri zake. Kuna namna ya kuwaonyesha watoto hili la Donders kwa vitu vya darasani?

#13 Chaki Nyeupe

Ipo, mwalimu. Rula ya sentimita 30. Ishike juu ining'inie, mtoto aweke vidole kwenye sifuri bila kugusa, kisha iachie ghafla naye aidake. Aliposhika ndipo unaposoma. Zidisha sentimita kwa mbili, gawa kwa 981, tafuta kipeuo cha pili, unapata sekunde. Kisha chukua rula mbili, moja kila mkono wa mtoto, uachie moja bila kumwambia ipi.

#14 Binti Mtwapa

Nimejaribu leo na mdogo wangu mezani. Rula moja ameidaka kwenye 17, mara kadhaa hapo hapo. Tulipoweka mbili zikawa zinamponyoka karibu kila mara, zinaanguka chini kabisa. Nimekosea wapi?

#15 Chaki Nyeupe

Hujakosea popote, mwalimu, umempata Donders mezani kwako. Sentimita 17 ni sekunde 0.186. Rula nzima ya sentimita 30 inamaliza kupita kwa sekunde 0.247. Ukiongeza ile sehemu moja ya 15 ya sekunde kwenye 0.186 unafika 0.253, rula imeshaisha. Tafuta mbao mbili nyembamba za nusu mita, uzigawe kwa kalamu kila sentimita moja, ufanye mara 20 kwa moja na mara 20 kwa mbili, kisha uchukue wastani. Kila baada ya kadhaa mpumzishe, maana akichoka namba zitapanda kwa sababu nyingine kabisa. Ukizipata zilete hapa, nitazifanyia hesabu na wanachuo wangu.